UZI: Mahindi kwa kuku wa uani – kiasi gani, saa ngapi, na yapi ya kuyakataa kabisa

Bi Uani (Malindi)

Assalam alaikum, na habari zenu wafugaji wenzangu.

Uzi huu ni wa sisi tunaofuga kuku wachache uani, si wenye mabanda ya mamia. Mimi niko Malindi mjini, upande wa Maweni. Nina makoo ya kienyeji yaliyoboreshwa, kuchi wawili watatu (wale kuku wa miguu mirefu), na jogoo. Swali la mahindi haliishi midomoni mwa watu, na majibu ninayoyasikia ni mawili tu: ama "mahindi ndiyo chakula cha kuku tangu enzi za mababu, wape washibe", ama "mahindi yanaua kuku, usiwape hata punje". Yote mawili yanawakosesha watu mayai.

Msimamo wangu: kwa kuku wa mayai anayelishwa mashi, yaani chakula cha dukani kilichosagwa na kuchanganywa, mahindi ni asusa ya jioni. Ngumi moja ya mtu mzima, kama gramu 40 hivi, igawanywe kuku watatu au wanne. Basi. Tena baada ya wao kula chakula chao cha siku, si kabla.

Sababu ni hii. Koo anayetaga hula kama gramu 100 mpaka 120 kwa siku. Ndani ya kiasi hicho anahitaji protini ya asilimia 16 mpaka 18, na kalisi (kalsiamu), madini ya kujengea ganda na mifupa, ya asilimia tatu na nusu mpaka nne. Mahindi yana protini ya asilimia nane au tisa tu, na hata hiyo imepungukiwa na laisini, kijenzi cha protini ambacho kuku hawezi kujitengenezea mwilini. Kalisi kwenye mahindi ni kama hakuna. Kilichojaa humo ni wanga, yaani nguvu.

Sasa tufanye hesabu. Kuku anayekula gramu 100 za mashi nzuri na gramu 10 za mahindi bado anapata protini ya asilimia 16 na kitu. Hakuna kilichoharibika. Lakini ukimpa nusu mashi nusu mahindi, protini inashuka mpaka kama asilimia 13, na kalisi inabaki gramu mbili kasoro kwa siku nzima. Ganda la yai moja peke yake lina kalisi ya kama gramu mbili, na kuku hawezi kuifyonza yote anayoila. Basi atatoa wapi? Atachota kwenye mifupa yake, kisha maganda yatakuwa membamba, kisha ataacha kutaga.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mashi yenyewe ya dukani, kama nusu yake ni mahindi yaliyosagwa. Kuku wako ameshakula mahindi tangu asubuhi. Ukimwongezea kopo zima jioni unayarundika juu ya mahindi mengine, na ile dagaa, soya na chokaa uliyoilipia inakosa nafasi tumboni.

Nije kwenye joto, maana huku kwetu ndiko penye uzito. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, adhuhuri kuku wanatweta midomo wazi na mbawa wameziachia. Wakati huo wanakula kidogo sana. Watu husema mahindi "yanawasha mwili wa kuku" kwa hiyo yasitolewe wakati wa joto. Si hivyo hasa. Chakula chochote kinapomeng'enywa kinatoa joto, na mahindi si mabaya kuliko vingine. Tatizo ni kwamba kuku anayekula kidogo anatakiwa kila donoa limletee kitu cha maana, na ukimjaza wanga umemnyima. Tatizo la pili ni mafuta. Kuku mnene hana pa kupitishia joto. Kuna maradhi ya ini la mafuta: koo mnene mzuri, anayetaga kila siku, unamkuta amekufa bandani, upanga wa kichwani umepauka. Ukimpasua, tumbo limejaa mafuta ya manjano, ini limekuwa laini kama tope, na damu imeganda juu yake. Jirani atakwambia ni husuda. Mara nyingi ni wanga mwingi, banda dogo na joto.

Kwa hiyo kaskazi ikipamba moto mimi napunguza mahindi, chakula natoa alfajiri na tena jua likishapoa, na maji nabadilisha mchana, kwenye chungu kivulini. Maji ya moto ya kwenye ndoo ya plastiki iliyokaa juani kuku hayanywi, na kuku asiyekunywa hali.

Mbona basi nawapa mahindi? Kwa sababu yana kazi kubwa: kuwaita. Punje kwenye mkebe wa maziwa ya unga, uutikise mara mbili, na kuku walioko hata kwa jirani wa tatu wanakuja mbio. Unawaingiza bandani kabla nguchiro na kicheche hawajaanza kuzunguka. Na pale wanapokula ndipo unapowatazama: nani anachechemea, nani amejikunja pembeni, nani hakimbilii punje. Kuku asiyekimbilia mahindi ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Jambo moja la kuangalia hapo. Ukimwaga rundo moja, koo mkubwa anasimama juu yake, anadonoa huku akiwapiga wenzake vichwani. Yeye ndiye atakayenenepa, na yule mnyonge aliyesimama nyuma ya ndoo hapati kitu. Tawanya mbali mbali, mpaka kwenye mchanga ulio karibu na ukuta, wachakure wenyewe. Utamwona yule mnyonge anapata zake akiwa peke yake, anaangalia nyuma kila akidonoa.

Karibuni tujadiliane.

---

Mwana wa Marafa

Shikamoo mama. Nimesoma yote, lakini huku kwetu Marafa mambo ni tofauti. Mashi hatuijui. Kuku tunawafungulia asubuhi, wanakula mchwa, nyasi, panzi, jioni tunawarushia chenga au mahindi ya shamba letu wenyewe. Wanataga, wanaatamia, wanaangua. Hayo nayo utayaita asusa?

---

Bi Uani (Malindi)

Marahaba mwanangu. Hapana, hayo si asusa, na nashukuru umeyaleta. Kuku wako anajitafutia protini mwenyewe: mchwa, panzi, funza wa kwenye samadi. Anachokosa ni nguvu, kwa sababu anatembea kutwa. Mahindi yako yanakamilisha. Hapo sina neno.

Ila nikuulize wewe: wakati wa kiangazi, ardhi imekauka na panzi hawapo, wanataga? Wengi huona mayai yamekatika, wakaongeza mahindi. Yanaongezeka mafuta, mayai hayaji. Kilichopungua ni protini na majani. Hapo dagaa waliopondwa, hata vile vichwa vya samaki vya kuchemsha, na majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, yatakusaidia kuliko debe la mahindi. Usizidishe samaki tu, mayai yatanuka.

---

Mwana wa Marafa

Ni kweli kiangazi wanasimama. Sisi tulikuwa tunasema ni jua. Na mlonge umejaa huku, tunakula wenyewe mboga, kuku hatujawahi kuwapa. Chicha je? Nyumbani nazi zinakunwa kila siku.

---

Bi Uani (Malindi)

Chicha ni nzuri siku hiyo hiyo ilipokamuliwa. Ina mafuta na nyuzinyuzi, protini kidogo, kwa hiyo iko kundi moja na mahindi: ukitoa chicha jioni, mahindi acha. Ikilala, inachacha na kuota ukungu. Wape kidogo, kilichobaki kifukie.

---

Langoni, Lamu

Assalam alaikum Bi Uani. Mimi ni wa Lamu mjini, uani kwangu ni padogo, kuku sita. Huku kila kitu huja kwa mashua, na mahindi yakitoka Mpeketoni au mji wa Hindi, hapo bara ya Lamu, msimu wa mvua huwa hayajakauka vizuri. Kuna duka moja huuza magunia mawili: zuri la watu, na jingine la bei ya chini wanaliita "mahindi ya kuku". Punje nyingine zina rangi ya kijani kibichi, nyingine nyeusi kwenye ncha, na ukiingiza mkono linanuka uvundo. Nikiyaosha nikayaanika juani, au nikayachemsha, hayafai? Bei ni nusu.

---

Bi Uani (Malindi)

Waalaikum salaam dada yangu. Hayafai. Nakuomba usiyanunue, wala usimshauri mtu.

Hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote katika ufugaji wetu: fikra kwamba kilichooza ni haki ya kuku. Ule ukungu wa kijani unatengeneza sumu ya aflatoksini. Huioni, huionji, na haitoki kwa kuosha, kuanika wala kuchemsha. Jua linakausha punje tu, sumu iliyomo inabaki. Jikoni hakuna moto wa kuiondoa.

Na si hadithi za mbali. Mwaka 2004 hapa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii na 125 wakafa. Mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, basi. Sasa kama yanaua mtu mzima, kuku wa kilo moja na nusu atakuwaje? Na kwa jamii ya ndege sumu hii imejulikana zamani: mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya njugu yenye ukungu, na kwa tukio hilo ndipo wataalamu walipoigundua sumu yenyewe.

Kuku mkubwa mara nyingi hafi siku hiyo. Anapungua kula, mayai yanapungua, ini linaharibika taratibu, na chanjo ya kideri unayompa haishiki vizuri kwa sababu kinga yake imeshuka. Wewe utalaumu chanjo. Vifaranga na bata ndio wanaokufa haraka. Na sehemu ya sumu inaweza kupita mpaka kwenye yai unalomkaangia mtoto.

Kupima ukavu kuna njia ya nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kama robo yake na chumvi kavu kijiko, funga, tikisa kwa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu, hayafai kuwekwa. Ikianguka yote chini, ni makavu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu.

Na ukinunua, usiangalie mdomo wa gunia. Ingiza mkono mpaka chini au uombe yamwagwe. Nyumbani yaweke juu ya ubao, mbali na ukuta. Hizi nyumba zetu za mawe zinanyonya unyevu, Lamu nadhani kuliko sisi. Nunua kidogo kidogo, ya wiki mbili tatu. Kuku sita kwa asusa hawahitaji gunia.

---

Langoni, Lamu

Allah akulipe. Nimeelewa. Kuna fukusi pia kwenye yale mazuri, nayo niyatupe?

---

Bi Uani (Malindi)

Fukusi wenyewe hawana sumu, kuku watawafurahia. Pepeta, anika, chagua. Kama punje zimetobolewa zimebaki maganda na vumbi, hakuna lishe humo, na matundu hayo ndiyo milango ya ukungu. Lakini uliza kwanza: yametiwa dawa ya unga ya kuhifadhia? Kama yametiwa, fuata siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kumpa mnyama yeyote.

---

Fundi wa Muyeye

Mama, mimi huuza mayai kwa wenye nyumba za wageni hapa Malindi. Wanalalamika kiini ni cheupe. Niliambiwa niongeze mahindi kiini kiwe cha manjano. Nimeongeza, sioni tofauti.

---

Bi Uani (Malindi)

Hutaiona, kwa sababu mahindi yetu ni meupe. Rangi ya kiini inatokana na rangi ya manjano iliyomo ndani ya chakula. Mahindi ya njano yanayo, meupe hayana. Wanaosema "mahindi yanatia rangi" wamesoma habari za nchi ambako mahindi ya kawaida ni ya njano.

Wewe wape majani: mchicha, sukuma ya nje ile ngumu, matembele, mlonge. Funga fungu, litundike usawa wa kichwa cha kuku, wararue wenyewe. Baada ya wiki mbili hivi vunja yai utazame. Kumbuka tu kiini cha manjano si kipimo cha lishe, ni rangi. Lakini mteja ndiye mteja.

---

Kuchi wa Faza

Kwa heshima zote, mimi napinga kidogo. Kuchi si kuku wa mayai. Ni ndege wa mwili, miguu mirefu, kifua. Wazee wetu Faza waliwalea kwa mahindi mazima na wakatoka majogoo ya kutisha. Mtu akija na gramu zake hapa namsikiliza, lakini nimeyaona kwa macho.

---

Bi Uani (Malindi)

Ami, siwezi kuwabishia wazee wa Faza kuhusu kuchi. Lakini tutazame hao kuku walikula nini kingine. Kijiji cha pwani, samaki kila nyumba, matumbo na mapezi yanatupwa nje, kaa wadogo ufuoni. Kuchi alikuwa anajengwa na hayo, mahindi yakimpa nguvu juu yake. Ukimfungia kuchi kwenye banda la mjini ukampa mahindi matupu, atarefuka miguu na kifua kitabaki wembe. Na kifaranga wa kuchi anakua polepole, manyoya yanachelewa. Miezi miwili ya kwanza anataka chakula cha vifaranga chenye protini kama asilimia 20. Mahindi yaliyopaazwa yaje baadaye, mazima baadaye zaidi.

---

Kuchi wa Faza

Hilo la samaki ni kweli, sikulitia kwenye hesabu. Bado jogoo wangu mkubwa nampa mahindi kuliko unavyosema, na ni mwepesi. Tutakubaliana kutokubaliana.

---

Bi Uani (Malindi)

Jogoo hatagi, hahitaji kalisi ya ganda, na wako anatembea. Una nafasi kubwa kuliko mimi. Mshike tu kifuani mara moja moja: ukipapasa ule mfupa wa katikati usiupate kwa mafuta, punguza.

---

Langoni, Lamu

Nirudi tena. Kuku wangu wawili maganda yao ni laini, moja limetoka bila ganda kabisa. Wanakula mashi na mahindi. Niongeze nini?

---

Bi Uani (Malindi)

Kwanza ondoa mahindi kwa muda, wale mashi peke yake. Pili, weka kalisi kwenye chombo chake mbali na chakula, kila kuku achukue kwa haja yake; usiichanganye kwa nguvu. Sisi wa pwani tumebarikiwa hapa. Maganda ya chaza na makome yaliyobaki jikoni, yaoshe kwa maji baridi yatoke chumvi, yakauke, yaponde mpaka vipande vya ukubwa wa nusu punje ya mahindi. Unga mtupu hausaidii sana, vipande vinakaa kwenye firigisi vikiyeyuka usiku kucha, wakati ambao ganda ndilo linajengwa. Maganda ya mayai yenyewe nayo yanafaa, yaoke kidogo, yavunje yasifanane na yai.

Tahadhari kwa wa Malindi: msiende kuokota makome ndani ya hifadhi ya bahari. Ile ni hifadhi tangu 1968 na hairuhusiwi kutoa kitu. Ya jikoni yanatosha.

Na kuku aliyefungiwa akila mahindi mazima anahitaji pia changarawe ndogo. Hana meno, firigisi ndiyo kinu na changarawe ndiyo mchi. Mchanga laini wa ufuoni ni mdogo mno kwa kazi hiyo.

---

Binti Barani

Mama mimi swali dogo. Yale mahindi ya kuchoma ya pale ufuoni, yenye ndimu na pilipili, watoto wakirudi na magunzi yenye punje punje nawarushia kuku. Pilipili haiwaumizi?

---

Bi Uani (Malindi)

Pilipili haiwawashi, mwanangu. Ndege hawausikii ule ukali kama sisi, ndiyo maana utawakuta kwenye mche wa pilipili wakila bila wasiwasi. Cha kuangalia ni chumvi. Suuza gunzi kwanza. Na bisi zenye chumvi na mafuta usiwape.

Gunzi la mahindi mabichi, likiwa na punje zake, litundike kwa kamba siku za mvua ambazo kuku hawatoki. Wanashughulika nalo nusu siku na wanaacha kudonoana manyoya.

---

Fundi wa Muyeye

Na kunguru? Nikitawanya mahindi tu wameshafika, na wakimaliza mahindi wanaangalia vifaranga.

---

Bi Uani (Malindi)

Hao ni balaa letu sote, kunguru wa Kihindi, Malindi nzima wameenea. Tawanya kile tu kinachoweza kuliwa kwa dakika kumi, ukiwa umesimama hapo. Kilichobaki kiokote, maana usiku panya wanakuja kukimaliza. Wenye vifaranga, waleeni chini ya wavu au nyavu kuukuu za uvuvi zilizotandazwa juu ya uzio. Bei yake kwa wavuvi ni ndogo.

---

Mwana wa Marafa

Mama, la mwisho. Tuna mbegu za mahindi zilizobaki msimu huu, ziko kwenye pakiti, zina rangi ya waridi. Mvua imepita, hatutazipanda. Nizioshe rangi niwape kuku?

---

Bi Uani (Malindi)

Usiwape, wala usizioshe. Ile rangi imewekwa makusudi ili mtu ajue zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu. Dawa imeingia kwenye ganda la punje, na maji utakayooshea yatamwagika pale pale kuku wanapokunywa. Ziache kwenye pakiti yake, funga kwenye kopo lenye mfuniko, weka juu watoto na kuku wasifike, uzipande vuli ikija. Zikishapita muda wake, zifukie shimo refu mbali na kisima. Na kama kuna zilizomwagika uani, zifagie leo kabla hujawafungulia kuku kesho asubuhi.